Makaburi Mbele ya Nyumba Yangu

Kila Oktoba mbele ya nyumba yangu huwa makaburi. Hapa Cutler Bend, Halowini, ule usiku wa mizimu wa mwisho wa Oktoba, ikikaribia, kila mwenye nyumba anapamba uwanja wake kwa vitisho: buibui wa plastiki, mashuka meupe juu ya miti, mifupa ya kununua dukani. Mimi vya dukani sivitaki. Nachukua ile sponji nyeupe ngumu inayokuja ndani ya maboksi ya friji, naikata kwa umbo la jiwe la kaburi, naipaka rangi ya kijivu, nachora ufa hapa na pale, halafu naandika jina la kuchekesha. Hapa Amelala Bwana Nitalipa Kesho. Hapa Amelala Bibi Huu Uyoga Hauna Neno. Kwenye mashindano ya uwanja unaotisha mimi ndiye wa kwanza karibu kila mwaka, na wanaoshindwa husema nawahonga waamuzi kwa kuwanyoa bure. Uongo. Nawanyoa kwa bei ile ile, ila nawanyoa vizuri.

Saluni yangu iko sebuleni. Kiti kimoja, kioo kimoja, na dirisha kubwa linaloangalia barabara. Ng'ambo ya barabara ni nyumba ya kaka yangu Royce, na nyuma ya paa lake yanaonekana mabomba ya moshi ya kiwanda cha vioo.

Sina budi kusema ukweli kuhusu vioo vile: ni vizuri mno. Ni vioo vya rangi, vya madirisha ya makanisa na taa za mezani, na vyekundu vyake na vya manjano havina mfano. Kila jiko la mji huu lina bakuli jekundu lenye kasoro ambalo mfanyakazi alilileta nyumbani badala ya kulitupa. Rangi hiyo inatokana na kadimiamu, madini yenye sumu. Kadimiamu ikipikwa, kiasi kinaingia kwenye kioo na kiasi kinatoka kwa bomba kwenda kwenye nyumba zetu, na bomba halina kichujio, kwa sababu hakuna sheria inayolitaka liwe nacho.

Ione Haldor ndiye aliyechoka. Aliendesha basi la shule mpaka akastaafu, mwanamke mrefu, mkimya, asiyejua kupendeza watu. Huku kwetu mwananchi anaweza kuandika sheria mwenyewe, akakusanya saini za wapiga kura wa kaunti, na zikitosha, sheria yake inawekwa kwenye karatasi ya kura watu waamue. Ione aliandika ya kwake: viwango vya kadimiamu na aseniki, sumu nyingine ya matanuru, hewani, kichujio kwenye kila tanuru, na hewa ipimwe pale shuleni, si kule uwanja wa ndege ambako wamekuwa wakipima tangu mimi ni msichana. Majira yote ya joto alisimama nje ya duka la vyakula na ubao wake wa kuandikia. Mimi nilimsaidia kukusanya saini saluni kwangu. Mtu aliyepakwa dawa kichwani hana pa kukimbilia.

Saini zilitosha. Likaitwa Pendekezo Namba Nane. Siku ile ile kiwanda kikatangaza kwamba likipita, matanuru yatazimwa na kazi zitahamia kwingine. Vibao vikaanza kuota mbele ya nyumba za watu: HAPANA KWA NANE, OKOA KAZI ZETU. Na cha kwanza kabisa katika mtaa wetu kilipigiliwa na Royce.

Royce ni fundi mkuu wa tanuru la nyekundu. Pia ndiye aliyenilea. Baba alipoondoka, Royce alikuwa na miaka kumi na tisa, akaacha habari za chuo akaingia kiwandani ili mimi na Mama tule. Alinifundisha kuendesha gari, alinisindikiza kanisani nilipoolewa, na mume wangu Emmett alipofariki, Royce alianza kuvuka barabara kila Jumapili asubuhi na ndara zake miguuni, gazeti kwapani, kuja kula panikeki kwangu. Hata theluji ikianguka anakuja na ndara.

Jumapili baada ya kile kibao nilimwekea sahani bila kusema neno. Akala mbili. Ya tatu akaisukuma pembeni, jambo ambalo sikulizingatia wakati ule.

"Umeninunia," akasema.

"Mimi? Nikununie kwa kibao? Nimenuna kwa sababu umekipigilia upande wa dirisha langu. Ungeweza kukiweka kule kwa akina Fenwick, wasome wao."

"Akina Fenwick wana cha kwao."

"Royce, Emmett amekufa na nini?"

"Emmett alivuta sigara."

"Aliacha siku Mama alipomtolea jicho, hatujaoana! Miaka yote ile alichanganya ule unga wa kadimiamu kwa mikono yake, figo zikaenda, mapafu yakafuata, kiwanda kikaleta maua. Maua, kaka. Na kadi imeandikwa kwa mashine."

"Nina vijana kwenye lile tanuru," akasema taratibu. "Wana watoto, wana nyumba za mkopo. Wewe una mkasi. Mkasi haufungwi na mtu."

Akakunja gazeti lake. Mlangoni alikohoa, akajifanya anasafisha koo.

Basi mimi nina hasira za haraka, kila mtu anajua. Jumatatu nilichukua sponji na rangi na kukaa chini sebuleni. Mwaka huu sikuandika Bwana Nitalipa Kesho. Niliandika Emmett Sorley, mwaka wa kuzaliwa, mwaka wa kufa, na chini yake: Chumba cha Kuchanganyia. Halafu nikaandika la Mama: Vera Tackett. Mama hakufanya kazi kiwandani hata siku moja. Kazi yake ilikuwa kuanika nguo zetu chini ya yale mabomba na kulima nyanya kwenye udongo ule, na kutulisha.

Nikayasimamisha nje, mawili tu, katikati ya nyasi. Nilikuwa bado nayanyoosha Royce alipovuka barabara. Na mabuti safari hii.

"Ling'oe la Mama."

"Siling'oi."

"Watoto watakuja hapa na vinyago usoni kuomba peremende, wewe umemsimamisha Mama kati ya buibui wa mtaa mzima? Umemfanya kinyago, Nadine!"

"Na wewe umemfanya nini? Umesahau alivyokuwa anapumua mwishoni?"

Aliinama, akalishika jiwe la Mama kwa mikono miwili, akaling'oa na vijiti vyake, akaondoka nalo kwapani kama anavyobeba gazeti. Nilimpigia kelele mpaka majirani wakatoka. Nilimwita mtumwa wa kiwanda. Hakugeuka.

Jumapili hakuja. Nilipika panikeki za watu wawili, kwa mazoea au kwa kiburi, sijui. Za kwake nikazitupia ndege.

Jumanne asubuhi nilifungua pazia, nikaona mawe mawili.

La pili halikuwa langu. Lilikuwa kipande cha mbao ya uzio kilichopakwa chokaa, na jina lake niliwahi kulisikia zamani: binti wa mtu, aliyekuwa darasa moja nyuma yangu. Nikampigia Ione.

"Umekuja uwanjani kwangu?"

"Sijatoka nyumbani."

"Kuna jiwe ambalo si langu."

"Basi liache," Ione akasema. "Aliyelileta amelileta."

Alhamisi yalikuwa matano. Jumamosi nikaacha kuhesabu. Mengine ya sponji kama ya kwangu, mengine ya boksi la karatasi lililofunikwa nailoni lisilowe, moja kigae cha paa, moja mfuniko wa lile boksi la barafu la kwenda nalo kuvua samaki. Majina nikayajua, na kwa majina nikajua nyumba. Na hapo ndipo mwili uliponisisimka, kwa sababu nyumba nyingi kati ya hizo zilikuwa na kile kibao mbele: HAPANA KWA NANE. Watu walikuwa wanasema hapana mchana barabarani kwao, halafu wanakuja kwangu na maiti wao wakati mimi nimelala.

Moja halikuwa na jina. Limeandikwa tu: Wetu, Hakulia.

Sikulala na dirisha wazi tena. Upepo ukija kutoka mtoni ile sponji husuguana, ikatoa sauti ndogo ndogo, na ukiwa kitandani huwezi kuapa kwamba si watu wanaoongea chini chini wasikuamshe. Asubuhi nikitoka na kahawa namwambia Emmett, "Umepata wageni." Mimi si mtu wa mizimu. Lakini nilianza kupita pembeni ya nyasi badala ya kukatiza, na nilijikuta naomba radhi nikigusa moja kwa mguu.

Wateja walikaa kitini wakiutazama uwanja kupitia kioo. Wanawake ambao kwa kawaida huwanyamazishi hata kwa dawa, kimya. Mmoja alitazama weee, halafu akaniambia, "Punguza kidogo na nyuma," machozi yanamtiririka.

Kisha akaja Opal Fenwick, na hakuja kunyolewa. Alikuja na askari wa kaunti, kijana anaitwa Brandt ambaye nimemnyoa tangu hajaota ndevu.

"Bi Nadine," Brandt akasema akiwa ameshika kofia, "Bi Opal analalamika umetumia jina la marehemu dada yake bila ruhusa."

"Na ni kinyume cha ubinadamu!" Opal akadakia. "Kwa siasa zako, Nadine! Pearl hakuwa na siasa!"

"Pearl alikuwa na siasa kuliko sisi sote, ila wewe ulikuwa humpi nafasi ya kusema. Na mimi sikuliandika."

"Nani kaandika, mapepo?"

"Twende tukaone."

Tukaenda wote watatu. Lilikuwa nyuma kabisa, chini ya mti, ubao mzuri uliopigwa msasa, herufi zimechongwa kwa patasi na kutiwa rangi nyeusi. Kila R ilikuwa na mkia mrefu. Mji mzima unaijua R ile. Iko kwenye kibao cha kanisa, kwenye sanduku la barua la Opal mwenyewe, na kwenye kile kibao kikubwa cha HAPANA KWA NANE mbele ya nyumba yake. Ni mkono wa mumewe, Merle.

"Bi Opal?" Brandt akauliza. "Niandike malalamiko?"

Opal aliinama akatoa majani yaliyodondokea ubaoni, moja moja. "Mwaka wamekosea," akasema hatimaye. "Pearl alikuwa mdogo kwa mwaka mmoja. Merle hajawahi kushika tarehe." Akaondoka bila kuniaga. Siku iliyofuata mwaka ulikuwa umesahihishwa.

Halowini yenyewe ilifika jioni ya mvua nyepesi. Kanuni ya huku hata mtoto wa miaka mitatu anaijua: taa ya barazani ikiwaka, karibu, bisha, peremende zipo. Ikizimwa, pita. Royce ndiye aliyekuwa kipenzi cha watoto, kwa sababu hakutoa vile vipande vidogo, alitoa chokoleti nzima. Miaka yote taa yake iliwashwa ya kwanza.

Mwaka huu haikuwaka.

Watoto walikuja kwangu wamevaa fuvu na mabawa. Wengine walicheka walipoingia, halafu wakaanza kusoma. Binti mmoja aliyevaa kama mchawi alisimama, akavua kofia yake kubwa.

"Huyu ni bibi yangu," akamwambia mwenzake.

"Bibi yako amezikwa hapa?"

"Hapana. Ila ni yeye."

Wakatembea mpaka barazani kwa mstari, bila kelele. Sijawahi kuona watoto wanaochukua peremende kwa adabu namna ile, na sitaki kuona tena. Mmoja akaniuliza, "Mzee Royce amekwenda wapi?" Nikatazama ng'ambo. Nyuma ya pazia lake televisheni ilikuwa inawaka. Nikasema amesafiri.

Kwa desturi vitisho huondolewa kesho yake. Ukiviacha watu wanakusema. Mimi niliviacha, na hakuna aliyenisema.

Jumanne ilikuwa siku ya mwisho ya kura. Kura zetu huletwa nyumbani kwa posta wiki kadhaa kabla. Unajaza, unatia saini bahasha, unairudisha kwa posta au unaitumbukiza kwenye sanduku la kaunti nje ya maktaba. Ya kwangu ilikuwa tayari tangu zamani, imeegemezwa kwenye bakuli jekundu la jikoni. Kila siku nilijiambia nitaipeleka. Ione alikuwa ameniuliza mara mbili. Ukweli ni kwamba bahasha ile ilikuwa imenishinda kuinyanyua. Kila nikiishika nilimwona Royce na miaka yake kumi na tisa, akirudi kutoka zamu ya kwanza kiwandani, nyusi zimeungua, akimpa Mama bahasha ya mshahara.

Asubuhi hiyo nikafungua pazia. Jua lilikuwa limetoka baada ya mvua, na kati ya mawe yote yale ya kijivu kulikuwa na kitu chekundu kinachong'aa.

Nikatoka na gauni la kulalia. Kilikuwa kioo. Bamba nene la kioo chekundu, kubwa kama jiwe la kaburi la mtoto, limemiminwa vizuri bila kiputo hata kimoja ndani yake, na herufi zimeinuka zenyewe kwenye uso wake. Hakuna anayeweza kumimina kitu kama kile katika kaunti nzima ila mtu mmoja. Sikuhitaji kusoma, lakini nilisoma. Royce Alden Tackett. Mwaka wa kuzaliwa. Kistari. Halafu patupu.

Pembeni yake lilikuwa jiwe la Mama. Alikuwa amelirudisha. Alilipaka rangi upya, na chini ya jina aliongeza maneno mawili ambayo mimi sikuyafikiria: Mama Yetu.

Nilivuka barabara bila viatu. Mlango haukuwa umefungwa. Alikuwa jikoni, amevaa, amenyoa, mikono yake mikubwa imezunguka kikombe.

"Umevaa nini?" akasema. "Watu watasema tumekufukuza."

"Tangu lini?"

"Kaa chini kwanza."

"Royce, tangu lini?"

"Tangu majira ya joto. Nilikwenda Portland kwa daktari, nikakwambia nimekwenda kutazama pikapu." Akanitazama. "Mapafu. Na imeshatembea mwilini."

Nikakaa. Miguu ilikuwa imelowa. "Kabla ya kile kibao?"

"Kabla."

"Ulijua, ukapigilia kibao?"

"Nilijua, nikapigilia kibao. Na kura yangu niliipeleka siku ya kwanza. Hapana."

Nitasema wazi nilivyojisikia: nilitaka kumpiga. Nilimpenda kuliko mtu yeyote aliyebaki duniani, na nilitaka kumpiga na kile kikombe.

"Kwa nini?"

"Wale vijana wananitazama mimi, Nadine. Nisimame mbele yao niseme nini? Kwamba mimi nimeshaliwa, kwa hiyo na wao wakakose kazi? Mimi nimekula kwenye lile tanuru maisha yangu yote. Wewe umekula. Panikeki zako zimekula."

"Na lile jiwe?"

Alikohoa, muda mrefu safari hii, na hakujifanya anasafisha koo. Alipomaliza aliifuta midomo kwa kitambaa na kukikunja haraka nisione.

"Kila siku nikiamka naangalia ule uwanja wako," akasema. "Nimejaribu kutoangalia. Watu wote wale niliowajua. Nikaona nami ni wa pale, nikijificha nitakuwa mwongo. Kura ni ya vijana. Jiwe ni la kwangu. Na Mama niliona asikae na Emmett peke yake, Emmett alikuwa haongei."

Nikacheka na kulia kwa pamoja, mpaka kamasi, sisemi uongo.

"Kura yako umepeleka?" akauliza.

Nikatikisa kichwa.

"Iko wapi?"

"Jikoni. Royce, mimi..."

"Kavae. Na uichukue."

Alinipeleka mwenyewe, na pikapu yake ile ile ya zamani, akiendesha taratibu kama tunapeleka mayai. Bahasha ilikuwa mapajani kwangu. Kwenye taa nyekundu karibu na kiwanda akazima redio.

"Unajua utafuta ya kwangu tu," akasema. "Yako na yangu, tumetoka sifuri. Tungeweza kubaki nyumbani tukanywa kahawa."

"Basi nirudishe."

"Wewe nawe. Shuka, maktaba ndiyo hii."

Sanduku lina mdomo mwembamba wa chuma. Niligeuka kumtazama. Alikuwa ametazama mbele, mikono yote miwili kwenye usukani. Nikaitumbukiza bahasha, nikaisikia ikianguka juu ya nyingine. Niliporudi garini alikuwa na macho mekundu, akasema ni baridi.

Pendekezo Namba Nane lilipita. Si kwa kishindo, lakini lilipita. Mimi najua nani waliolipitisha: ni wale wale wenye vibao. Kiwanda kilikwenda mahakamani, kikashindwa, na yale matanuru yaliyokuwa yazimwe hayakuzimwa. Hakuna aliyehamisha kazi kwenda popote. Nilipomletea Royce habari hiyo alisema, "Sijawahi kufurahi kushindwa kama leo." Nikamwambia kibao chake bado kiko pale nje, akakitoe. Akasema hana nguvu, nikakitoe mimi. Nikakitoa na kukitia kwenye jiko la kuni.

Watu walikuja kuchukua mawe yao. Safari hii walikuja mchana. Opal alikuja na Merle na kikapu, akaufunika ubao wa Pearl kwa taulo kabla ya kuuinua. Lile lisilo na jina lilichukuliwa na mwanamume wa makamo niliyemnyoa mara nyingi na ambaye sikujua kama alipata kuwa na mtoto. Krismasi ilipofika yalibaki matatu: Emmett, Mama, na lile jekundu. Nilijaribu kuling'oa lile jekundu. Royce alinipigia simu kutoka dirishani kwake kabla sijalifikia.

"Liache."

"Linanitisha, kaka."

"Halowini imepita, halitishi mtu. Liache, nataka nilione."

Basi likabaki. Jua la alasiri likishuka hupita ndani yake, na doa jekundu huingia dirishani, likapanda ukutani kwangu taratibu, juu ya kiti cha saluni, juu ya mtu yeyote aliyekaa. Wateja walizoea kunyamaza mpaka lipite.

Tulikubaliana kuhusu taa. Yeye ndiye aliyetaka. Nilikuwa napiga simu kila saa, akachoka.

"Sikiliza," akasema. "Jioni naiwasha taa ya barazani. Asubuhi nikiamka naizima. Ukiona imezimwa ujue nipo, uniache nilale na gazeti langu."

"Na nisipoiona imezimwa?"

"Unywe kahawa yako kwanza. Mpaka iishe. Sitaki uje unakimbia na gauni la kulalia tena, watu wa mtaa huu wameshaona ya kutosha."

Majira yote ya baridi ilizimwa. Wakati mwingine mapema, wakati mwingine jua limeshapanda na mimi nimeshika pazia kwa mikono miwili. Mwezi wa nne walileta kreni kufunga kichujio kwenye bomba la tanuru la nyekundu. Royce hakuweza kushuka ngazi, kwa hiyo vijana wake wakaja kumbeba na kiti mpaka barazani aone. Aliwaelekeza kwa kidole kutoka ng'ambo, ingawa hawakuweza kumsikia. Kilipokaa sawasawa wakampungia mkono. Na upepo ulipokuja kutoka upande ule, nilinusa, na hapakuwa na kitu cha kunusa. Nilijisikia kama mtu aliyeacha kusikia saa ya ukutani.

Asubuhi ya leo nilifungua pazia. Jua lilikuwa juu, nyasi zimekauka umande, jirani mwenye mbwa ameshapita na kurudi. Ng'ambo ya barabara taa ya barazani ilikuwa inawaka, hafifu, ya manjano, katikati ya mchana mweupe.

Nikamimina kahawa. Nikakaa nikainywa yote, kama nilivyoahidi. Halafu nikavaa nguo, nikachana nywele, nikavaa ndara, nikavuka. Ikiwaka ni karibu. Nikabisha.